Kikombe cha bluu: maswali ya wazazi wanaolea mtoto mwenye usonji

Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Alikuwa akisema "mama" na "maji", sasa yuko kimya, na ukimwita hageuki. Mama mkwe anasema watoto wa kiume huchelewa. Nisubiri?

Usisubiri, dada. Wapo kweli wanaochelewa kusema na baadaye mambo yakakaa sawa, lakini mtoto aliyekuwa na maneno akayapoteza anapelekwa kwa daktari wa watoto, awe na umri wowote. Vivyo hivyo aliyefikisha mwaka na haitikii jina lake, au mwaka na nusu na hajawahi kukunyooshea kidole ndege au gari ili nawe ulione. Omba kwanza apimwe masikio, maana asiyesikia naye hageuki. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayothibitisha usonji, yaani autism kwa Kiingereza. Daktari humtazama mtoto akicheza na kukuuliza wewe maswali mengi. Mrekodi video fupi kwa simu mkiwa nyumbani, kwa sababu mbele ya daktari watoto wengi hubadilika.

Nilikosea wapi? Wengine wanasema ni chanjo, wengine TV.

Hujakosea popote. Usonji unatokana na namna ubongo unavyokua, mambo huanza kabla mtoto hajazaliwa, na urithi una sehemu kubwa. Uvumi wa chanjo ulivuma kutokana na makala ya mwaka 1998 katika jarida la The Lancet, ambamo Andrew Wakefield na wenzake waliandika kuhusu watoto 12 tu. Jarida lilifuta makala hiyo mwaka 2010, na mwaka huohuo Wakefield akaondolewa kwenye orodha ya madaktari wa Uingereza. Baadaye Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000 na hawakuona uhusiano wowote. Na hata chanjo iliyosingiziwa ilikuwa ya surua, matumbwitumbwi na rubela kwa pamoja. Kliniki zetu hapa Tanzania hutoa ya surua na rubela. Mpeleke mdogo wake akachanjwe, surua inaua. Kuhusu TV, haileti usonji, ila mtoto anayekaa mbele yake kutwa anakosa watu wa kuongea naye.

Kikombe chake cha bluu kisipoonekana analia hadi anajigonga kichwa ukutani. Baba yake anasema ni deko, dawa yake fimbo.

Mtoto anayedeka hukuchungulia: anaangalia kama unamwona, na ukimpa anachotaka ananyamaza. Huyu wako hata ukikipata kikombe huenda akaendelea kulia nusu saa, kwa sababu kilio kimeshamzidi nguvu. Watoto wengi wenye usonji husikia kila kitu kwa mkupuo: feni, honi za bodaboda, muziki wa jirani, sufuria jikoni. Katikati ya vurugu hiyo kikombe kile ndicho kitu pekee ambacho leo kiko kama jana. Fimbo itamwongezea hofu tu.

Akianza, zima redio, punguza watu chumbani, weka mto kati ya kichwa na ukuta. Usimuulize "unataka nini?" mara kumi, maneno nayo ni kelele. Kaa karibu, subiri.

Kazi yenyewe huja baada ya hapo. Chukua daftari uandike saa, mahali, na kilichotangulia. Mama mmoja aliniletea daftari lake la wiki tatu, na vilio karibu vyote viliangukia jioni ambazo umeme ulikatika. Mtoto alikuwa akilala kwa sauti ya feni. Angalia pia maumivu: jino, sikio, choo kigumu. Asiyeweza kusema "naumwa" atalisema kwa kichwa ukutani.

Mabadiliko mengine unaweza kumtangazia mapema. Piga picha za beseni, kikombe cha uji, viatu na daladala, uzibandike ukutani kwa mpangilio wa asubuhi yenu, na kila hatua umwonyeshe: kwanza viatu, kisha daladala. Na tafadhali, nunua vikombe viwili vya bluu.

Anakula wali mweupe na chipsi tu.

Bamia inayoteleza mdomoni inaweza kumchefua kama vile wewe ulishwe sabuni. Usimkabe. Weka kipande kidogo cha chakula kipya pembeni ya sahani, asilazimishwe kukigusa, na urudie siku nyingi. Usikifiche ndani ya wali: akigundua, utapoteza na wali. Akipungua uzito au fizi zikivuja damu, nenda kliniki.

Ukigeuka tu, ameshatoka nje.

Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko mengine yote hapa. Komeo liwe juu asikofikia. Funika kisima na mapipa, maana maji huwavuta wengi wao, na akipotea anza kutafuta kwenye maji: mtaro, dimbwi, kisima cha jirani. Muuza genge na vijana wa bodaboda wamjue kwa sura, na namba yako ya simu iandikwe kwa ndani ya shati lake.

Kuna dawa?

Ya kuondoa usonji, hakuna. Zipo za kifafa, ambacho huwapata baadhi yao, na daktari anaweza kusaidia usingizi mbovu au hasira kali. Ukiuziwa matone ya "kusafisha ubongo", kimbia. Baadhi yake ni kemikali za jamii ya klorini zinazounguza utumbo. Msaada wenye maana ni mazoezi ya kuongea na tiba kwa vitendo, yaani kuzoezwa shughuli za kila siku kama kula na kuvaa, nawe ukifundishwa kuyaendeleza nyumbani.

Na shule?

Muulize afisa elimu maalumu wa halmashauri yenu. Baadhi ya shule za msingi za serikali zina vitengo vya watoto hawa. Nenda ukakae darasani asubuhi moja kabla ya kumwandikisha.

Bibi yake anataka tumpeleke kwa mganga, anasema ana mashetani.

Dua aombewe, haimdhuru. Kuchanjwa wembe, kufukizwa moshi, kufungwa kamba, kunyimwa chakula: hapana, hata aliyeshauri awe nani. Ila usigombane na bibi halafu ukamweka kando, maana utamhitaji. Mpe zamu ya kumwogesha kila jioni, saa ileile, kwa wimbo uleule, na mstari wa mwisho asiumalizie. Amsubiri mjukuu.