Kampuni ikibadilisha jina deni halifi jamani

Nimeletewa tena ile ile: "wakili, kampuni niliyokuwa naidai haipo, siku hizi inaitwa kitu kingine, kwa hiyo yangu yameisha." Hayajaisha! Na inaniuma kwa sababu watu wanakaa na imani hiyo mpaka muda wa kushtaki unapita, deni la mkataba hapa Kenya ni miaka 6 tu na haimngoji mtu.

Barclays ilipogeuka Absa mwaka 2020, mkopo wako ulibaki na akiba yako ilibaki. Kampuni ni ile ile, namba ya usajili ile ile, kama kesi iko kortini unarekebisha jina kwenye hati ya madai unaendelea.

Sasa kinachonichosha ni hili neno "imenunuliwa", maana kununua kuko kwa aina mbili na watu, hata mawakili, wanazichanganya kila siku. Zikinunuliwa hisa, kampuni haijaenda popote, imepata mwenye mpya tu na madeni yake yote yamo ndani. Bayer ilinunua Monsanto 2018 ikalizika lile jina, lakini kesi za Roundup, ile dawa ya magugu ya Monsanto inayodaiwa kuleta saratani, hazikuzikwa nalo, 2020 ikatangaza malipo ya hadi dola bilioni 10.9. Zikinunuliwa mali peke yake, yaani mashine, magari, majengo, kwa kawaida deni linabaki kwa muuzaji, ambaye pengine keshabaki ganda tupu, na hapo ndipo wafanyakazi na wasambazaji wanapoumia. Ila Kenya tuna sheria ya uhamisho wa biashara: biashara ikihamishwa bila tangazo kutolewa kwenye Gazeti la Serikali inavyotakiwa, mnunuzi anabeba madeni ya biashara hata kama mkataba wao unasema vingine. Itumieni!

Penye shaka ni Bhopal, India. Gesi ya sumu iliyovuja 1984 kwenye kiwanda cha kampuni tanzu ya Union Carbide iliua maelfu, kampuni ya kemikali ya Dow ikanunua Union Carbide 2001, na mpaka leo Dow inasema hiyo ni kampuni tofauti, sisi tuna hisa tu. Kisheria hoja hiyo ina nguvu, mwenye hisa habebi deni la kampuni, lakini mimi naona anayevuna faida ya kampuni nzima hafai kujificha nyuma ya karatasi, na bado sijapata jibu linaloniridhisha ni wapi korti ivuke mpaka huo kati ya kampuni na mwenye hisa.

Wewe unayedai, tafuta kampuni kwa namba ya usajili, usitafute kwa jina, halafu uliza kilichouzwa ni hisa au mali.