Kipoza kikubwa, kasha dogo: yanayosemwa kuhusu kupoza kadi ya michoro

Feni za kadi ya michoro zikianza kuvuma kila unapofungua gemu, ushauri utakaoupata karibu kila mahali ni mmoja: ng'oa kipoza (chuma na feni za kuipoza) kilichokuja na kadi, nunua kikubwa. Kwa mwenye kasha la kompyuta la mnara lenye nafasi tele, ushauri huo unafaa. Kwa mwenye kasha la lita kumi na kitu, unaweza kumla hela bure.

"Kadiri kipoza kinavyokuwa kikubwa ndivyo kinavyopoza"

Mfano ninaopenda kuutoa ni Raijintek Morpheus, kipoza ambacho wapenzi wa makasha madogo wanakijua vizuri. Kina mabomba ya joto 12, mtengenezaji anakitaja kwa kadi za hadi wati 360, na mapezi yake, yaani vile vibati vyembamba vinavyoachia joto hewani, peke yake yana unene wa takriban milimita 44. Kinauzwa bila feni. Ukikifunga feni mbili za kawaida za milimita 120, zenye unene wa milimita 25, unafika 69. Nafasi moja ya kadi kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ni milimita 20.32, kwa hiyo nafasi tatu zote zimekwisha na bado kipoza kinadai. NCASE M1, kasha maarufu la lita 12.6, lina nafasi hizo tatu tu.

Hata hivyo watu wamekifunga humo kikakaa. Waliacha mapezi matupu, wakaweka feni mbili kwenye sakafu ya kasha, chini ya kadi, zivute hewa ya nje na kuisukuma moja kwa moja kwenye mapezi. Walianza na njia ya hewa, inaingilia wapi na inatokea wapi, ndipo wakachagua chuma. Anayeanza na chuma huishia na feni iliyogandamizwa ukutani, imebakiziwa milimita mbili tatu za kuvutia hewa, inapiga mluzi na haipozi. Kipoza chembamba kilichoachiwa nafasi kitakishinda hicho.

Kwa hiyo chukua rula kabla ya pochi. Mimi hukata boksi gumu kwa vipimo vya kipoza, urefu na upana na unene pamoja na feni zake, kisha nalipachika penye kadi ndani ya kasha na kufunga mlango. Mara nyingi urefu hausumbui. Kinachogoma ni waya wa umeme wa kadi: unachomekwa ubavuni, unataka sentimita kadhaa za kukunjika, na kwenye picha za matangazo huwa hauonekani.

"Kipoza kizuri kinapunguza joto la kompyuta"

Hakipunguzi hata wati moja. Kadi ya RTX 3070 ikila wati 220 itatoa joto la wati 220, uivishe kipoza utakacho. Kazi ya kipoza ni kulitoa joto kwenye chipu na kulikabidhi kwa hewa, na hewa hiyo inabaki mikononi mwako.

Hapo ndipo wengi wanaponaswa. Kuna kadi zinazokuja na kipoza cha kipulizio: feni moja ya duara ndani ya ganda lililofungwa, inayosukuma hewa ya moto nje kupitia mgongo wa kasha. Kelele yake inaudhi, nakubali. Lakini ukikitoa na kuweka cha feni za wazi, joto lile lile linamwagwa ndani, juu ya prosesa, diski ya SSD na pawa saplai. Chipu ya michoro inashuka, prosesa inapanda, na mwenye kompyuta anabaki kushangaa.

Chumba nacho kina hesabu yake. Kipimo cha nyuzi 65 kilichopatikana kwenye chumba cha nyuzi 21 maana yake chipu iko nyuzi 44 juu ya hewa. Ihamishie kompyuta hiyo Dar es Salaam mwezi wa Februari, chumba kikiwa na nyuzi 32, utasoma karibu 76. Kipoza hakijaharibika.

"Chipu ikipoa, kadi imepona"

Hili linaua kadi. Kuizunguka chipu kuna memori na saketi za kurekebisha umeme, na kipoza cha kiwandani huvigusa vyote kupitia pedi za joto, vipande laini vinavyopitisha joto. Vipoza vingi vya kununua hugusa chipu peke yake, halafu vinakupa vipande vidogo vya alumini vya kubandika kwingine. Ukiviruka, chipu itasoma nyuzi 55 nzuri huku memori ikiungua kimyakimya. Kwenye RTX 3080, memori yake ya GDDR6X ikikaribia nyuzi 110 kadi hujipunguzia kasi yenyewe.

Ukifungua kipoza cha zamani, usikimbilie kufuta. Tazama pedi: kila moja ina alama ya mraba pale ilipobanwa na memori. Pima unene kwenye ukingo ambao haukubanwa, uandike. Pedi iliyozidi unene huo kwa nusu milimita tu inaweza kuinua kipoza kisikae sawasawa juu ya chipu. Skrubu zikaze kwa mshazari, kidogo kidogo, maana kona ya chipu iliyo wazi hupasuka kirahisi.

"Kimeandikwa kinafaa kadi yangu"

Kadi mbili zenye jina moja la chipu zinaweza kuwa na bodi tofauti kabisa, kulingana na aliyeziunda. Linganisha umbali wa matundu ya skrubu yanayozunguka chipu na vipimo vya kipoza. Plagi ya feni kwenye kadi nayo ni ndogo kuliko ya mazabodi, utahitaji waya wa kubadilisha.

"Lazima ununue kipoza kingine"

Jaribu kwanza kisicho na gharama. Endesha gemu nusu saa, soma joto kwa programu ya GPU-Z, kisha toa mlango wa kasha na uendelee. Joto likishuka sana, kadi yako inakosa hewa, na kipoza kipya kitakosa hewa hiyo hiyo. Lisiposhuka, badilisha pesti (ule uji wa kupitisha joto kati ya chipu na kipoza), safisha vumbi, kisha ushushe volteji ya chipu kwa programu ya MSI Afterburner. Kati ya yote niliyotaja, hilo la volteji ndilo pekee linalopunguza wati zenyewe.

Bado kuna kelele? Ng'oa feni ndogo na ganda lake la plastiki, acha mapezi ya kiwandani na pedi zake palepale, ufunge feni mbili za milimita 120 zenye unene wa 15, kama Noctua NF-A12x15, kwa vibano vya plastiki vya kufungia waya. Kadi nyingi nilizoletewa zimeishia hapo.