Nusu Dakika Baada ya Salamu

Kila ninapowaandaa wahitimu hapa Kisumu kwa maonyesho ya ajira, huanza kwa kumwomba kila mmoja ajitambulishe, na karibu wote hufungua kwa wimbo uleule: "Kwa majina kamili naitwa fulani, mzaliwa wa kaunti ya Siaya, mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba." Utambulisho huo unafaa harambee au siku ya posa, lakini mbele ya mwajiri aliyeshika kikombe cha chai, huku wengine watano wakimsubiri, unamaliza nusu dakika uliyo nayo kabla kazi haijatajwa. Mimi mwenyewe niliwahi kumsimulia afisa mmoja maisha yangu tangu shule ya msingi, na alipoaga ndipo nikagundua kwamba sikuwa nimemwambia ninatafuta nini.

Salamu, hata hivyo, usizikate. Zipo nasaha za kigeni zinazomtaka mtu aingie kwenye jambo moja kwa moja, lakini kwetu anayeruka salamu huonekana hana adabu, hasa mbele ya aliyemzidi umri. Msalimu, ngoja akuitikie, ndipo uanze kuhesabu nusu dakika yako, ambayo kwa Kiswahili kisicho cha haraka hutosha sentensi tatu au nne.

Sentensi yenye uzito ni ile inayotaja kazi uliyoifanya kwa mikono yako, na hiyo ndiyo hutuchukua saa nzima kuitafuta. Msichana mmoja aliyesomea uvuvi alikuwa akisema tu kwamba ana "uzoefu katika ufugaji wa samaki." Nilipomhoji, ikabainika kwamba kwa miezi minane alikuwa akidamka kupima oksijeni ya maji kwenye vizimba vya ngege ziwani, kwa kuwa hushuka zaidi karibu na mapambazuko, kisha akimshauri mwenye vizimba iwapo samaki wapunguziwe chakula asubuhi hiyo. Tukaandika hivyo hivyo: "Nimepima maji ya vizimba kila alfajiri kwa miezi minane, na sasa natafuta shamba linalohitaji msimamizi wa ubora wa maji. Kwenu kazi hiyo iko chini ya nani?"

Swali hilo linajibika papo hapo. "Kazi yoyote tu, mkubwa" haijibiki, ingawa wanaoisema hudhani inawafungulia milango mingi. Humtwika msikilizaji mzigo wa kufikiri kwa niaba yako, naye ana yake.

Maneno yakikamilika, yajaribu kwa asiyejua fani yako. Mimi huwatuma kwa shangazi zao au kwa mwendesha bodaboda wa mtaani, na asipoelewa, sentensi inarudi mezani. Andaa maneno ya Kiingereza kando, badala ya kutafsiri ukiwa umesimama. Na ukitajiwa mtu wa kumwona, omba ruhusa kabla hujaondoka: "Nikimpigia, naweza kumwambia kwamba ni wewe uliyenielekeza, daktari?"