Kila Pacha na Tarehe Yake

Mama aliingia na leso mbili, mtoto mmoja mgongoni na mwingine kifuani, mfuko wa nepi ukining'inia mkononi. Alikuwa ametoka Ahero kwa matatu. Kabla hajaketi akasema, "Daktari, huyu mkubwa ndiye aliyenileta. Mdogo wake anakaa kitako, yeye bado. Na yeye ndiye Opiyo!"

Nikawaweka wote wawili mkekani. Walikuwa na miezi 8. Odongo alikaa ameegemea mikono yake, kisha akaachia mmoja kunyakua kifuniko cha chupa. Opiyo nilipomkalisha alianguka upande wa kulia. Nikamkalisha tena, akaanguka kulia. Mara ya tatu, kulia. Kama angekuwa anaanguka huku na huku nisingeshtuka, kwa sababu mtoto anayejifunza kukaa huanguka kila upande. Kuanguka upande mmoja tu kuna sababu, na sababu hiyo hutafutwa.

Kwa wasomaji wasiotoka huku kwetu: pacha wa Kijaluo anayetangulia kuzaliwa huitwa Opiyo, au Apiyo akiwa msichana. Anayefuata ni Odongo au Adongo. "Piyo" ni haraka, "dong'" ni kubaki. Wabukusu nao wana Mukhwana na Mulongo, na majirani zetu Watanzania wana Kulwa na Doto. Ni majina mazuri na sitaki mtu ayaache. Mimi mwenyewe ni Adongo. Lakini najua yanavyofanya kazi ndani ya nyumba. Mtoto hajatimiza hata mwaka, na tayari mmoja anatarajiwa kukimbia na mwingine kubaki nyuma. Nimekulia kwenye sentensi ya "mwenzako ameshafanya", na leo, baada ya miaka 14 ya kutibu viungo vya watoto hapa Kisumu, ninaisikia kliniki karibu kila siku.

Ndiyo maana kabla ya kumgusa mtoto yeyote pacha, ninauliza swali ambalo wazazi wengi hawalitarajii: mimba ilikuwa na wiki ngapi ulipojifungua?

Mimba huhesabiwa wiki 40. Mapacha wengi hawafiki huko. Wawili mara nyingi huzaliwa kwenye wiki ya 35, 36 au 37, na watatu hutangulia zaidi, mara nyingi kwenye wiki ya 32 au 33. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 hajatimia, na ubongo wake hauruki wiki alizokosa tumboni. Huzimalizia huku nje. Kwa hiyo tunapomwangalia anavyokua, tunahesabu umri wake kuanzia siku aliyotarajiwa kuzaliwa, si siku aliyotoka. Opiyo na Odongo walizaliwa wiki ya 34, yaani wiki 6 kabla ya siku zao. Miezi yao 8 ya kalenda, ukitoa wiki hizo 6, inabaki miezi sita na nusu. Na mtoto wa miezi sita na nusu ambaye hajakaa kitako hajachelewa hata kidogo.

Mama alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Kumbe nimekuwa nikimlaumu bure." Hesabu hiyo ingeweza kufanyika siku aliyoruhusiwa kutoka wodini, kwa kalamu na kalenda ya ukutani. Tafadhali ifanyeni. Andikeni tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa kwenye jalada la kitabu cha mama na mtoto, na muitumie kupima hatua zake mpaka atimize miaka miwili.

Hapa kuna jambo moja ambalo limewahi kuleta madhara, kwa hiyo nalisema kwa sauti: chanjo hazifuati hesabu hii. Chanjo hufuata siku ya kuzaliwa. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni vilevile kwa mapacha waliozaliwa mapema. Chanjo ya malaria, ambayo sisi wa magharibi tulianza kuipata mwaka 2019, huanza miezi 6 ya kalenda. Surua ni miezi 9. Nimekutana na mama aliyewachelewesha wanawe wawili sindano za wiki 6 kwa kuwa alisikia "umri wao bado". Watoto waliozaliwa wadogo ndio wanaohitaji kinga hiyo mapema zaidi.

Sasa, hata baada ya kutoa hizo wiki, hakuna siku moja ya kukaa wala siku moja ya kutembea. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya kufuatilia watoto zaidi ya 800 wa Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, wote wenye afya njema. Walikaa bila kushikiliwa popote kati ya miezi 4 na miezi 9. Walitembea wenyewe kati ya miezi 8 na karibu miezi 18. Watoto wanne hivi katika kila mia hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa. Waliburura makalio au walienda moja kwa moja hadi kusimama, na wakatembea vizuri. Hao walikuwa watoto waliotimia siku zao, na mapacha hawakuchukuliwa kwenye utafiti ule. Kwa hiyo jirani anapokuambia wake alitembea akiwa na miezi 9, anakusimulia mlango mmoja wa nyumba yenye milango mingi.

Turudi kwa Opiyo. Nilimlaza chali nikamtazama kutoka juu ya kichwa chake. Kichwa kiliinama kulia na kidevu kikaelekea kushoto. Nyuma, upande wa kushoto, fuvu lilikuwa bapa kama limeegemezwa ukutani. Nilipopitisha kidole shingoni upande wa kulia nilisikia msuli umekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Nikamwita kutoka kuliani kwake kwa njuga. Macho yalikuja yote, kichwa kikaja nusu.

Hili tunaliona sana kwa mapacha, na mara nyingi kwa yule aliyetangulia. Sababu yake ni nafasi. Anayetoka kwanza ndiye aliyekaa chini kabisa tumboni, kichwa kimebanwa kwenye nyonga wiki nyingi huku mwenzake akimkalia. Huzaliwa na shingo iliyozoea upande mmoja. Kisha huku nje tunamzidishia bila kujua. Nikamuuliza mama wanalala vipi. Akanionyesha kwa mikono: neti moja, Opiyo upande wa ukutani, Odongo, kisha yeye. Ukuta kuliani kwa Opiyo. Mwenzake, mama, taa, mlango, kila kitu cha kutazamwa, kushotoni. Miezi 8 mtoto ametazama kushoto kwa sababu huko ndiko dunia iliko.

Dawa yake haikuhitaji mashine. Opiyo alazwe kichwa kikielekea kule miguu ilikokuwa, ili mama awe kuliani kwake. Anyonyeshwe na abebwe kwa namna itakayomfanya ageukie kulia. Chupa ya plastiki yenye punje za mahindi itikiswe kuliani. Mazoezi ya kunyoosha ule msuli nilimfundisha mama kwa mikono yake juu ya mikono yangu, na sitayaandika hapa, kwa sababu shingo ya mtoto haifundishwi kwa maandishi. Ukiona kichwa cha mtoto kinalala upande mmoja kila siku, nenda ukaonyeshwe. Ukienda kabla ya miezi mitatu au minne, kazi huwa nyepesi zaidi.

Kwa mapacha wote, wenye shingo nzuri na wenye shingo ngumu, ninachoomba ni sakafu. Walale chali, lakini wakiwa macho walazwe kifudifudi, dakika mbili tatu, mara nyingi kwa siku. Mwanzoni iwe juu ya kifua chako. Baadaye tandika leso na uwalaze wakitazamana. Hapo mapacha wana bahati ambayo mtoto mmoja hana: kila mmoja anainua kichwa ili amwone mwenzake. Nimewaona wa miezi mitatu wakishindana kucheka kwa namna hiyo, pua kwa pua, mpaka mmoja akaweka shavu chini kwa uchovu.

Najua kwa nini sakafu husahaulika. Una watoto wawili, mikono miwili, nguo kwenye beseni na uji jikoni. Unamweka mmoja kwenye kile kigari cha magurudumu wanachokaa wakisukuma kwa vidole, na mwingine kwenye kiti. Kigari hicho hakimfundishi mtu kutembea. Humpeleka mtoto kwenye jiko la makaa na kwenye ngazi kwa kasi ambayo hutamwahi. Canada ilipiga marufuku kuuzwa kwake mwaka 2004. Kama umepewa zawadi, kiweke mlangoni kama stuli ya maua.

Kuhusu kusema, kwa ufupi. Mapacha wengi huchelewa kidogo kuongea kwa sababu maneno ya mtu mzima yanagawanywa. Tunasema "njooni", "kuleni", "nyamazeni", na kila mmoja anapata nusu. Mwite kila mmoja kwa jina lake na umtazame yeye peke yake, hata kama ni wakati wa kubadilisha nepi tu. Ukichanganya Dholuo, Kiswahili na Kiingereza haumharibu.

Sasa furaha. Kuna mama huniambia aliona mmoja amekaa akajizuia kushangilia, asije akamvunja moyo yule mwingine. Wengine huogopa jicho la watu. Nawaelewa, na kama ni jicho, shangilieni mlango ukiwa umefungwa. Lakini shangilieni. Kiswahili kina maneno ya hatua hizi kwa sababu waliotutangulia walizishangilia: mtoto hukaza shingo, hukaa kitako, husimama dede, huenda tete. Hakuna aliyesubiri kutamka "dede" mpaka watoto wawili wasimame siku moja.

Kitu ninachowaomba mama na baba wa mapacha wanunue si keki. Ni daftari la shule. Ukurasa huu wa mmoja, ukurasa ule wa mwingine. Siku Odongo anapojipindua, andika tarehe kwenye ukurasa wa Odongo, piga makofi, mwimbie wimbo wa kwenu, mpe baba simu apige picha ya Odongo peke yake. Ukurasa wa Opiyo usiandikwe "bado". Uachwe mtupu, kwa kuwa ana siku yake.

Ninasisitiza kurasa mbili kwa sababu ya mtoto mmoja nisiyemsahau. Aliletwa kwangu akiwa na miezi 19, pacha wa pili, miguu imekaza na kupishana kama mkasi anapoinuliwa. Katika kituo walichokuwa wakienda, kila ziara iliandikwa neno moja kwa wote wawili: "wanaendelea vizuri". Yule wa kwanza alikuwa anaendelea vizuri kweli. Alikaa, akatambaa, akatembea, na furaha ya nyumba ikawa kubwa kiasi cha kuwafunika wote wawili. Mama alijua moyoni. Aliniambia alijua tangu miezi 7, ila kila alipouliza alijibiwa kwamba mapacha hutofautiana. Ni kweli hutofautiana. Lakini mtoto aliyezaliwa mapema na mdogo yuko kwenye hatari zaidi ya kuumia ubongo, na tulipoteza mwaka mzima ambao ubongo wake ulikuwa mwepesi wa kujifunza.

Kwa hiyo, ukishatoa zile wiki, njoo ukiona hajatabasamu akifika miezi 3, au shingo haijakaza au ngumi hazifunguki akifika miezi 4, au hajakaa akifika miezi 9, au hajatembea akifika miezi 18. Kuna mengine hayasubiri hesabu yoyote: mwili uliokakamaa au mlegevu kupita kiasi, mkono mmoja tu unaotumika kabla ya mwaka, au mtoto kupoteza alichokuwa anakiweza jana. Akiwa pacha mmoja tu, mlete huyo mmoja. Usisubiri kuwa na nauli na mbebaji wa pili. Na omba kila mtoto awe na kitabu chake cha kliniki, uzito wake na maelezo yake.

Mama wa Ahero alinunua daftari. Opiyo alikaa bila kuanguka akiwa na miezi 9 na siku chache za kalenda, na shingo ilikuwa inageuka kulia karibu yote. Juzi alinipigia simu jioni, nikasikia kelele za watoto na mbwa nyuma yake. Opiyo alikuwa amesimama dede kwa kushika ndoo ya maji. Nikamuuliza tarehe, akanisomea. Kisha akafungua ukurasa wa pili na kunisomea bila kuulizwa: Odongo, siku hiyohiyo, amemnyooshea mbwa kidole na kusema "ba".