Kijitaa cha Kijani Hakiisemei Betri

"Fundi, kina betri ndani, umeme ukikatika hakina neno." Maneno haya mimi huyasikia hapa Zanzibar, Mji Mkongwe, Kiembe Samaki na hata Chake Chake, na anayeyasema aghalabu huwa amekinyooshea kidole kijitaa cha kijani kwenye sanduku la king'ora cha wezi, kana kwamba ameleta shahidi. Katika masanduku mengi ya bei nafuu, kijitaa hicho kinathibitisha jambo moja tu, nalo ni kwamba umeme wa ukutani umefika. Kuhusu betri hakisemi chochote, na kitaendelea kuwaka vilevile hata kama betri imekwishavimba tumbo na kupasuka ubavuni.

Betri inayowekwa katika mifumo mingi ya nyumbani ni ile ya madini ya risasi iliyozibwa, ya volti 12 na ampea-saa 7, yaani kwa hesabu ampea moja kwa saa saba. Umri wake wa kawaida ni miaka 3 hadi 5, lakini hesabu hiyo imefanywa kwa joto la nyuzi 20 hadi 25, na kanuni inayofuatwa na mafundi ni kwamba kila joto likizidi hapo kwa nyuzi 10, umri wa betri hupungua kwa karibu nusu. Sasa na tutazame sanduku lenyewe limetundikwa wapi: chini ya bati lisilo na dari, au ndani ya kabati la ngazi lisilopitisha hewa, na wakati wenyewe ni wa kaskazi, msimu wa joto. Kwa sababu hiyo mimi huwataka wateja wangu wabadilishe betri kila baada ya miaka miwili, na anayenuna kwa ajili ya gharama namwacha anune.

Wako pia wenye mita ya kupimia, ambao hunionyesha volti 13.7 na kuniuliza nataka nini zaidi. Ninachotaka ni kwamba umeme uchomolewe kwanza, kwa kuwa kipimo kile ni cha chaja inayoisukuma betri na si cha nguvu iliyomo ndani yake. Katika nyumba moja ya Shangani niliuchomoa mbele ya mwenyewe. Kibao cha namba kikaendelea kuwaka vizuri, naye akatabasamu. Nikafungua mlango wa uani. King'ora kikatoa mlio mmoja mfupi, mfano wa chafya, kisha sanduku zima likazimika na kujiwasha upya huku mlango ukiwa wazi. Sababu yake haina ajabu: mfumo unaposubiri hula pengine sehemu ya kumi ya ampea, ambayo betri iliyochoka huimudu, lakini king'ora kinapolia huweza kutaka karibu ampea nzima, na hapo volti huporomoka papo hapo. Kwa hiyo jaribio lenye maana ni kuuchomoa umeme, kuuacha mfumo ukae na betri kwa saa kadhaa, kisha kukiliza king'ora kwa dakika chache mfululizo, baada ya kuwaarifu majirani. Betri mpya, katika mfumo unaokula miliampea 150 (ampea 0.15), kwa hesabu ya karatasini ingedumu takriban saa 46. Iliyobakiwa na theluthi ya nguvu yake haivuki saa 16. Ama giza la namna ile iliyoipata Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu ya njia ya umeme inayotoka Bara chini ya bahari, hilo halina betri ya king'ora inayoliweza, na hapo hutegemewa komeo na mlinzi.

Wengine husema kwamba king'ora kinacholia ovyo ni kibovu. Mara nyingi mkosaji ni mjusi kafiri anayetambaa juu ya uso wa kihisi, kile kifaa cha ukutani kinachomtambua mtu anayepita, kwani kihisi hicho hupokea mabadiliko ya joto, na kidudu kilicho karibu mno huonekana kikubwa. Kinachopaswa kutia wasiwasi ni kinyume chake: chumba kilichofungwa kutwa kikikaribia joto la ngozi ya mtu, kihisi cha bei nafuu hupata taabu kumtofautisha mwizi na ukuta. Kwa hiyo jaribio la kupita mbele ya kihisi lifanywe saa tisa alasiri, wala si usiku kukiwa na upepo, kama wanavyopenda mafundi wenye haraka.

"Hakijawahi kulia tangu kifungwe" nayo si sifa. Sumaku za milango huachana na swichi zake mbao zinapovimba wakati wa masika, na chumvi ya bahari hula viungo vya nyaya. Hitilafu hizo angalau hujitangaza. Isiyojitangaza ni ile ya fundi aliyeweka rezista, kile kipande kidogo cha kuzuia umeme ambacho sanduku hukitumia kuukagua waya, ndani ya sanduku badala ya kuiweka kwenye kihisi cha mwisho wa waya, kwa sababu nyaya mbili zikigusana njiani, sanduku litaendelea kuamini kwamba mlango umefungwa, hata ukiwa wazi hadi alfajiri. Fungueni kifuniko cha kihisi cha mwisho mtazame kama imo.

Na kuhusu ujumbe wa simu, anayetegemea intaneti ya nyumbani akumbuke kwamba ruta, kile kisanduku cha kusambaza intaneti, huzimika pamoja na umeme, na anayetegemea laini ya simu iliyo ndani ya sanduku aulize salio lake liliongezwa lini. Jaribio ni kuzima swichi kuu ya nyumba, kutoka nje na simu yako ikiwa imezimwa intaneti ya ndani na kubaki na mtandao wake yenyewe, kisha kumwambia mtu afungue mlango huku mfumo umetegwa. Ikiwa simu haikuita wala ujumbe haukuja, ulizo la kwanza kwa fundi wako liwe ni bei ya betri ndogo ya kuishikilia ruta.