Serikali ya maafikiano ni nini?

Mwaka 1991, wabunge 24 wa Northwest Territories, kaskazini mwa Kanada, walikutana Yellowknife, makao makuu ya eneo hilo, kumchagua kiongozi wa serikali yao. Hakuna aliyeingia kwa tiketi ya chama. Waliyempa kura, Nellie Cournoyea, akawa mwanamke wa kwanza kutoka jamii za wenyeji wa asili kuongoza serikali ya jimbo au eneo nchini humo. Utaratibu uliomfikisha hapo ndio unaoitwa serikali ya maafikiano.

Nimesema maafikiano makusudi. Neno maridhiano kwetu linakumbusha Zanzibar ya mwaka 2010, vyama viwili mahasimu vikigawana madaraka. Kule Northwest Territories hakuna cha kugawana, maana vyama vyenyewe havimo bungeni. Kila anayesimama ni mgombea binafsi, jambo ambalo Katiba ya Kenya inaliruhusu na ya Tanzania inalikataa.

Uchaguzi mkuu ukiisha, wabunge huketi pamoja, leo wakiwa 19, wakachagua kwa kura ya siri Spika, waziri mkuu, kisha mawaziri. Angalia hapo: waziri mkuu hateui mawaziri wake. Analetewa sita waliochaguliwa na wenzake, kazi yake ni kuwagawia wizara tu. Anaweza kujikuta ameketi na mtu aliyekuwa akikitaka kiti chake juzi. Halafu hesabu: ukimtoa Spika, yeye na mawaziri wake ni saba, wabunge wa kawaida ni 11. Bajeti haipiti bila kuwashawishi baadhi ya hao 11, na wengi wao wakichoka, wanaweza kuiondoa serikali. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba maafikiano ni kukubaliana kwa kila kitu. Ubishi upo, kura zinapigwa, na kushindwa kupo. Ila kiongozi hana chama cha kumwamrisha mtu ampigie kura. Ana jina lake na kazi yake.

Jina na kazi Cournoyea alikuwa navyo. Alizaliwa Aklavik, kwenye delta ya mto Mackenzie, mwaka 1940, mama Muinuvialuit, yaani wa jamii ya Inuit wa huko kaskazini-magharibi, baba mhamiaji kutoka Norway aliyeishi kwa kutega wanyama wa manyoya. Shule aliipata kwa masomo ya posta. Baadaye akawa mtangazaji na meneja wa redio ya CBC, shirika la utangazaji la taifa, mjini Inuvik, na katika vijiji vilivyotawanyika namna ile sauti ya redioni ni mtu wa nyumbani. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa COPE, chombo kilichodai haki za ardhi za Wainuvialuit. Aliingia bungeni mwaka 1979, na mwaka 1984 dai hilo likazaa mkataba uliowapa umiliki wa kilomita za mraba zipatazo 91,000.

Neno Territories nalo lina uzito wake. Wazee wetu waliowahi kuishi Tanganyika Territory watalielewa upesi. Jimbo la Kanada lina mamlaka yake ndani ya Katiba. Eneo hupewa yake kwa sheria ya Bunge la Kanada lililoko Ottawa, mji mkuu. Hadi 1967 Northwest Territories ilitawaliwa kutoka Ottawa kwenyewe, na mamlaka juu ya ardhi na madini hayakuhamia Yellowknife mpaka 2014. Ni eneo kubwa kuliko Tanzania, lakini sensa ya 2021 ilihesabu watu kama 41,000 tu. Kuna kata za Dar es Salaam zenye watu zaidi. Nunavut, iliyomegwa kutoka humo mwaka 1999, iliendelea na bunge lisilo na vyama. Jirani yao Yukon alishaingiza vyama tangu 1978.

Siwa ya bunge la Northwest Territories, ile fimbo ya mamlaka ya bunge, iliyotengenezwa baada ya mgawanyo huo, ina vijiwe ndani, kutoka jumuiya zote 33 za eneo. Ikibebwa kuingia ukumbini, vinasikika vikiteremka. Siwa ya Lamu, ile baragumu, hulia kwa pumzi ya mpulizaji; hii hulia kwa mwendo wa mbebaji.

Cournoyea hakugombea tena mwaka 1995. Mwaka uliofuata akawa mwenyekiti wa shirika la Wainuvialuit linalosimamia mali za ule mkataba wa 1984, na kiti hicho alikikalia hadi 2016: miaka 20, mara tano ya ile aliyoongoza serikali.