Tulizika kwa heshima zote, hatukuambiwa kilichoua

Wanaokuja kuniona hapa Mbeya mjini hawaji kwa ajili ya msiba. Wanakuja na kichwa, presha isiyoshuka, tumbo linalowaka, usingizi unaokatika saa tisa usiku na kutorudi tena. Wengi wametumwa na daktari aliyechoka kuwapima bila kuona kitu. Mimi ni mwanasaikolojia tiba, na swali langu la mwanzo huwa ni dogo: nyumbani yuko nani, na nani hayupo. Hapo ndipo tarehe zinapoanza kufanana. Mei 2020. Februari 2021. Agosti 2021.

Mengi yaliyoandikwa kuhusu majonzi baada ya korona yametoka Italia, Uingereza na Marekani, na yanazungumzia watu walioagana na wazazi wao kwa simu na kuona jeneza kwenye skrini. Nayasoma, naheshimu, lakini huku Nyanda za Juu Kusini wengi wetu hayakutupata hayo. Ukiondoa yale majuma ya mwanzo ya ugonjwa mwaka 2020, sisi tulizika kama tulivyozoea. Takwimu za taifa zilikoma mapema Mei 2020 zikiwa na wagonjwa 509 na vifo 21, na Juni tukatangaziwa kwamba ugonjwa umeondoka kwa maombi. Kama ugonjwa haupo, msiba unapunguzwa watu kwa sababu gani? Kwa hiyo Februari 2021, mvua zikinyesha Rungwe, kina mama walijaa mikekani ndani, wanaume wakazunguka moto nje, ng'ombe wakachinjwa, matanga yakakaliwa mpaka mwisho. Wengine waliokuja kuhani nao waliugua.

Kaka yangu mkubwa, mwalimu, alizikwa hivyo, katikati ya migomba ya nyumbani. Hakukosa kitu ila kimoja. Wanaotoka huku wanajua kwamba kwenye wasifu wa marehemu, baada ya shule alizosoma na watoto aliowaacha, huja aya ya ugonjwa: alianza kuugua lini, alipelekwa wapi, walimpima nini, wakaona nini, hadi mauti yalipomfika. Watu hunyamaza kabisa aya hiyo inaposomwa. Ya kaka ilikuwa sentensi moja: alipata changamoto ya kupumua, Bwana akamtwaa. Waombolezaji wote walijua, na hakuna aliyesema. Siku aliyofariki, daktari alituita pembeni ya wodi akatuambia kwa sauti ya chini anachofikiri, kisha akaenda kujaza fomu: nimonia.

Niieleze hiyo fomu, kwa sababu familia nyingi hudhani nimonia ni uongo. Si uongo. Fomu ya kitabibu ya sababu ya kifo ina mistari inayoshuka. Juu kabisa unaandikwa mwisho, yaani kilichomuua dakika ile. Chini yake, kilichosababisha hicho. Unateremka hivyo mpaka ufike chanzo. Nimonia ni ya juu au ya katikati, na inatakiwa ifuatwe na kitu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mapema, 2020 hiyohiyo, namba mbili za kuandikia: U07.1 kwa aliyethibitika kwa kipimo, na U07.2 kwa anayeshukiwa ambaye hakupimwa. Kwa hiyo kukosa kipimo hakukuwa sababu ya kuacha mistari ya chini wazi. Sababu ilikuwa nyingine. Mei 2020 Rais wa wakati huo, John Magufuli, alieleza hadharani kwamba sampuli za papai na mbuzi zilizopelekwa maabara kwa siri zilionyesha korona, na siku hizohizo mkuu wa maabara ya taifa akasimamishwa kazi. Daktari wa wilayani hahitaji waraka baada ya hapo. Simlaumu yule wa kwetu. Au niseme namlaumu kidogo tu, maana angalau alitunong'oneza.

Sasa, nafasi iliyoachwa wazi kwenye fomu haibaki wazi kichwani mwa mfiwa. Huku kwetu kujua kilichoua ni haki ya zamani sana. Wazee wa Kinyakyusa na Kisafwa walikuwa wakimpasua marehemu kabla ya kumzika, watazame tumboni kilichomwondoa. Sisemi walikuwa sahihi kwa walichokiona. Nasema hawakukubali kuzika bila jibu. Na jibu lisipotoka kwa mwenye mamlaka, familia hujitungia. Mara nyingi, mshtakiwa huwa wa ndani ya nyumba: mama mdogo aliyegombania shamba, mke aliyechelewa, kijana aliyerudi na lori kutoka Tunduma akakohoa mezani.

Mama mmoja wa upande wa Uyole (nimebadilisha yanayomtambulisha) alikuwa na hakika kwamba alimuua mumewe kwa nyungu, ule mvuke wa majani ya mikaratusi. Alimfukiza siku mbili badala ya kumpeleka hospitali, kwa sababu mume alikuwa anaongea, anatembea, anakunywa uji. Asubuhi ya tatu akaanguka. Miaka mitatu alikuwa hapiti karibu na mikaratusi, harufu yake tu inamtapisha. Kumwambia "usijilaumu" ni kupoteza muda. Alishaambiwa na kanisa zima. Kilichomsaidia ni maelezo ya mapafu. Huu ugonjwa una tabia mbaya ambayo hata madaktari iliwashangaza: oksijeni kwenye damu inaweza kushuka mpaka 80 kwa 100, wakati mtu mwenye afya huwa na 95 au zaidi, na mgonjwa asihisi kubanwa pumzi. Anaongea. Anatembea. Anayeweza kujua ni kile kifaa kidogo cha kubana kidoleni, na yeye hakuwa nacho, wala zahanati nyingi hazikuwa nacho. Mvuke haukuua kirusi kilichokuwa kwenye mapafu ya mumewe, lakini haukumuua mume pia. Nilimweleza hayo kwa kuchora. Akaomba karatasi aende nayo nyumbani kwa shemeji zake, maana kule ndiko kesi ilikokuwa.

Si kila mfiwa anahitaji mtu kama mimi. Wengi hupona kwa ndugu, kwa kazi, kwa muda. Lakini katika toleo la 11 la orodha ya magonjwa ya dunia, lililoanza kutumika Januari 2022, yapo majonzi yanayohesabika kuwa maradhi: yakipita miezi 6, yakizidi kile ambacho mila na dini ya mtu vinakitarajia, na yakimzuia kuishi. Hicho kipengele cha mila nakipenda, kwa sababu mtu wa Kyela anaweza kulia mwaka mzima kila akipita kaburini na akawa mzima kabisa. Ninachokiona mimi ni kwamba wanaokwama ni wale wanaoirudia siku moja kila usiku wakitafuta kosa.

Upande wa serikali sina mengi, ila nitasema. Januari 2021 tuliambiwa chanjo za kigeni hazifai. Julai 28 mwaka huohuo Rais mpya, Samia Suluhu Hassan, alichanjwa Ikulu mbele ya kamera, na dozi zaidi ya milioni moja zilikuwa zimeshafika. Nilichanja, na ningechanja tena. Kamati ya wataalamu iliyoundwa na Rais Samia ilikuwa imependekeza chanjo na kutolewa kwa takwimu, na ilifanya vizuri. Lakini ilitazama mbele. Waliokufa kabla yake walibaki na nimonia zao. Shirika la Afya Duniani lilipokadiria vifo vya ziada milioni 14.9 duniani kwa 2020 na 2021, nchi zisizo na takwimu zilijaziwa kwa hesabu za kitaalamu, kwa hiyo kaka yangu yumo humo, kama makadirio.

Hasira ya kutoambiwa haikai mahali pake. Machi 2022, baada ya polio kuonekana Malawi, wachanjaji walipita nyumba kwa nyumba Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Polio haina uhusiano na korona, chanjo yake ni matone mawili mdomoni mwa mtoto, na bado nilisikia mzee mmoja akimwuliza mhudumu wa afya, "Mwanangu, mlikuwa wapi mwaka jana tulipokuwa tunawauliza?" Binti hakuwa na la kumjibu. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilisema kuna washukiwa wa Marburg, homa hatari ya virusi, huko Kagera, Wizara ikasema vipimo havikuonyesha, na tarehe 20 Rais akatangaza kwamba mgonjwa amethibitika. Wiki hiyo wateja wangu wawili walirudi bila miadi.

Kwa hiyo siwaambii watu waiamini serikali. Ninachofanya ni kutafuta faili la marehemu hospitalini. Tunakaa watatu: familia, mimi, na daktari aliye tayari kusema mbele ya watu jambo kama hili: "Kwa dalili hizi na mwezi ule, yaelekea sana ilikuwa UVIKO-19. Hakupimwa, kwa hiyo uhakika kamili hatutaupata." Wengine hukasirika upya. Nawaacha wakasirike, ni afadhali wamkasirikie aliyepaswa kusema kuliko mama mdogo.

Ukitaka kufanya hivyo kwa ndugu yako, njoo na cheti cha kifo au kibali cha mazishi, karatasi yoyote ya hospitali iliyobaki, jina la wodi, na mwezi. Faili aliombe mke, mume, mzazi au mtoto wa marehemu, kwa barua kwa mganga mfawidhi wa hospitali, ili asijibiwe mlangoni. Ukiambiwa faili limepotea, ulizia rejesta ya wodi ya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za huduma za afya. Hutunzwa kando na mafaili, na humo mna siku aliyolazwa, ugonjwa ulioandikwa na siku aliyotoka au kufariki. Upigeni picha ukurasa wake kama mtaruhusiwa, la sivyo unakilini kwa mkono.